Kiti kilichommeza Bibi Mkunga

Saa mbili asubuhi, Mama Springi amelala chali kwenye sakafu ya gereji, miguu nje, kichwa chini ya kiti cha gari kilichopachikwa juu ya mabenchi mawili. Kiti chenyewe kiko uchi. Hakina ngozi wala sponji, ni fremu ya chuma na springi zilizofunikwa gunia. Na juu ya gunia hilo ameketi bibi kizee mwenye kilemba cha manjano, mikono ameinyoosha mbele kana kwamba ameshika usukani.

“Bibi, usijitikise.”

“Sijitikisi, mwanangu. Ni hizi springi zako zinanitekenya.”

“Basi usicheke.”

“Nisicheke vipi na mimi natekenywa?”

Mafundi wa injini wameacha kazi zao, wanachungulia. Hawajawahi kuona kiti kikitengenezwa huku mwenyewe kakikalia. Ukweli ni kwamba hata Mama Springi hajawahi. Roho yake iko juu, maana kiti hiki kisipokaa sawa leo kabla ya adhuhuri, kazi ya viti vya magari itampita hivi hivi anaiona.

Mwenye gereji, Mzee Spana, amekwisha kusema. Akishindwa, gari litawekewa viti vya gari jipya lililogongwa, na chumba cha nyuma alichoahidiwa Mama Springi kitarudi kuwa stoo ya matairi.

Gari lenyewe ni la zamani, la buluu iliyopauka kama sare ya shule iliyofuliwa mno, lenye taa za mviringo na mlango unaofungwa kwa sauti nzito. Bibi Mkunga alilinunua enzi akiwa kazini. Nusu ya mtaa ilipokelewa duniani na mikono yake, na kila alipoitwa, gari hilo ndilo lililomfikisha.

Injini ikafa, gari likalala uani miaka mingi. Mwaka huu Bibi amekata shauri lifufuliwe. Ana dada yake mkubwa upande wa pili wa mji, naye anataka kwenda kumwona akiendesha mwenyewe, si kubebwa kama mzigo.

Mzee Spana amefufua injini, breki na taa. Kilichobaki ni viti. Vilikuwa vimezama hivi kwamba Bibi, ambaye ni mfupi, zamani alikuwa akiweka mito miwili na blanketi iliyokunjwa ndipo aione barabara.

“Bila mito nilikuwa naona usukani na anga,” anasema. “Watu wakidhani gari linajiendesha.”

Mama Springi, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ni fundi wa makochi. Alijifunza kwa shangazi yake, barazani, akianza na kuchambua pamba kwa vidole. Kwa miaka mingi hakukosa kochi la kushona. Siku hizi watu wananunua yaliyokwisha kutengenezwa, naye akawa akiishia kuziba viti vya pikipiki vilivyochanika. Kwa hiyo alipoitwa kwenye gari la Bibi, alikwenda karibu mbio.

Alikifungua kiti cha dereva taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. Ndani alikuta manyoya ya farasi yaliyoshikana, pini mbili za nywele, kifungo cha sare ya uuguzi na njugu iliyokuwa ngumu kama jiwe. Kamba zote zilikuwa zimekatika. Springi zilikuwa zimelala ubavu, kila moja na upande wake, kama watoto kitandani.

Akazisimamisha, akazifunga, akajaza. Alipomaliza, kiti kilikuwa kimetuna, kimeshiba, ngozi imenyooka bila kunyanzi. Mafundi wakapiga miluzi. Mama Springi akasimama mkono kiunoni, kichwa kimemvimba kidogo.

Ndipo Bibi akaingia garini.

Kilemba kikagota dari. Magoti yakakwama chini ya usukani. Miguu ikaning’inia mbali na breki, kama ya mtoto kwenye benchi la hospitali.

“Mwanangu,” Bibi akasema, shingo kaipinda, “umenipandisha cheo mno.”

Mafundi wakavunjika mbavu. Mzee Spana hakucheka. “Hili si kochi la sebuleni, Mama Springi. Nakupa hadi kesho adhuhuri. Viti vya lile gari jipya vipo, ni kutuma mtu tu.”

“Uje uvikalie wewe,” Bibi akamkatiza. “Mimi nakujua, nilikupokea kwa mikono hii. Hata siku ile ulikuwa na haraka, ukatoka kabla maji hayajachemka.”

Hapo Mzee Spana akakumbuka kazi ya dharura upande wa pili wa gereji.

Mama Springi alibaki amekaa chini, jasho linamtoka. Kosa lake lilikuwa la mtu wa makochi. Kochi hupimwa likiwa tupu, maana mteja hulitazama kwanza ndipo alikalie. Kadiri linavyotuna ndivyo linavyopendeza. Lakini kiti cha gari nani anakitazama? Dereva anakitaka kimfae akiwa amekikalia.

Macho yake yakaangukia ile mito miwili na blanketi, vimetupwa pembeni karibu na ndoo ya oili.

“Bibi!” akaruka. “Zamani mito hii ilikuwa inakutosha?”

“Ilinitosha kabisa. Ila ilikuwa inateleza kwenye kona, nami nateleza nayo.”

Kiti cha abiria kilikuwa bado hakijaguswa, kimezama vilevile kama ndugu yake. Akaipanga mito na blanketi juu yake, Bibi akaketi, wakajongeza kidogo hivi na hivi mpaka Bibi akasema, “Hapo. Hapo ndipo nilipokuwa naiona dunia.” Mama Springi akasimamisha mpini wa ufagio kutoka sakafu ya gari, akaukwaruza kwa msumari pale kitako cha Bibi kilipofikia.

Mpini huo ndio unaoegemea benchi asubuhi hii. Springi zote zimefunguliwa upya, na Mama Springi anazifunga moja moja huku uzito wa Bibi ukizikandamiza. Kila kamba anaiachia ulegevu wa kidole kimoja.

“Nikibana sana kitakuwa benchi,” anaeleza kutoka chini, kamba imebanwa kwa meno. “Nikilegeza sana kitammeza tena. Lazima kiwe na pa kupumulia.”

Anatoka, anajipangusa, anausimamisha mpini juu ya benchi kando ya kiti, anautazama mkwaruzo. Uko sawasawa na kitako cha Bibi.

“Shuka, Bibi! Shuka upesi!”

“Sasa nishuke, na mimi nimeanza kuzoea?”

Mikono inakwenda mbio. Manyoya ya zamani, aliyoyafua na kuyachambua, yanarudi. Juu yake sponji nyembamba, kisha kitambaa, kisha ngozi ile ile, inayoshonwa kwa sindano iliyopinda kama ndoana. Kiti hakijatuna. Kimetulia tu, na fundi mmoja ananong’ona kwamba jana kilikuwa kizuri zaidi.

Kinarudishwa garini. Bibi anaingia. Kilemba hakigusi kitu. Magoti yako huru, mguu uko kwenye breki. Anatazama mbele, kisha macho yanamjaa maji.

“Boneti yangu ile,” anasema. “Panda twende!”

Mama Springi anapanda upande wa abiria, na papo hapo anatoweka. Gari linatoka getini, linapita mashimo ya barabara kwa madaha. Wapita njia wanamwona Bibi, wima kama malkia, na pembeni yake kipande cha kitambaa cha kichwani.

“Mwanangu, bado upo?”

“Nipo, Bibi! Naona anga!”

Wanarudi wanacheka mpaka hawawezi kushuka. Mzee Spana anaomba aketi kidogo kwenye kile kiti. Anajitikisa, anajisukuma nyuma, anajitikisa tena. Kisha anashuka, anatoa simu. “Vile viti? Mwambie mwenye navyo auze kwingine.” Anachomoa ufunguo kwenye shada lake, anamkabidhi Mama Springi. Matairi yataondoka chumbani leo leo.

Mama Springi anataka meza ndefu mle ndani, na ubao mlangoni wa kutangaza viti vya magari ya zamani. Tayari magari mawili uani yanamngoja, yamezama kama mabeseni.

“Hata moja siligusi mpaka mwenyewe aje akae,” anasema.

“Na cha abiria kwenye gari la Bibi?” anauliza Mzee Spana.

“Anakalia nani hapo?”

“Dada yangu,” anadakia Bibi. “Ila yeye si kama mimi. Ni mtu wa mwili, mnene hasa.”

“Basi aje mwenyewe. Siwezi kumkisia.”

Bibi hangoji aambiwe mara mbili. Anaingia kwenye kiti chake, anafunga mlango, anawasha gari, na kabla mtu hajasema neno yuko barabarani, kilemba cha manjano kinaonekana vizuri kabisa kupitia kioo cha nyuma. Mama Springi anageuka, anatandika gunia jipya kwenye benchi, anachagua kamba iliyo nene zaidi.