Mawe Saba Niliyoyaondoa Ili Picha Zipendeze

Jamani, nimekosa, na nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Msinitafutie kisingizio, nimeshajitafutia vyote na hakuna kilichonitosha. Nawaomba mnisikilize tu, maana nyumbani kwangu jambo hili siwezi kulitamka.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Mbeya. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na kwenye kazi hii najulikana kwa picha. Nyumba inaweza kukaa mwaka mzima bila mteja, nikiingia mimi na simu yangu inaondoka. Naficha ndoo na madumu, naondoa kandambili mlangoni, nabandua kalenda za kanisa ukutani, nafungua mapazia, nawasha taa zote mchana kweupe. Nilikuwa najivuna! Madalali wenzangu walinipigia simu kuniuliza siri yangu, nami nikawajibu kwa madaha kama mwalimu.

Basi zamu ikafika ya nyumba ya mama yangu.

Mama anaishi nami tangu miguu ilipoanza kumsumbua na macho kuingia ukungu. Nyumba yake iko Iringa, aliijenga na marehemu baba wakati baba akifanya kazi kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Ilibaki tupu, panya wakaitawala. Mwaka jana Mama akakubali tuiuze. Bei akaniachia mimi, vyombo akasema nigawe, hata kitanda chake cha ndoa. Kwa kitu kimoja tu alinishika mkono.

"Mwanangu, pale nyuma usiguse. Mawe ya mdogo wako uyaache mpaka nije mwenyewe na wazee wa kanisa. Nataka nimchukue, nimpeleke kwa baba yake."

Mdogo wangu aliitwa Lusungu. Alifariki akiwa na miezi minne, mimi nikiwa na miaka sita. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kwenda kijijini kwetu Mufindi, kwa hiyo akazikwa hapo hapo uani, nyuma ya jiko. Hakujengewa kaburi la saruji. Mama alipanga mawe saba kumzunguka, na kila Pasaka akayapaka chokaa. Baba alipofariki yeye akazikwa kijijini, na tangu siku ile Mama hakuacha kusema kwamba mtoto amebaki peke yake.

"Sawa Mama, sitagusa," nilimjibu. Nilisema hivyo nikimtazama usoni.

Nilifika Iringa asubuhi. Nikakodi kibarua mmoja, baba wa makamo, anifyekee ua na kuotesha ukoka sehemu za mbele. Wakati anaanza, nikapiga picha chache za majaribio. Kila nikipiga uani, mawe yale yanatokea, meupe, katikati kabisa. Nikawaza kidalali. Mteja akiona kaburi kwenye picha hapigi hata simu! Nimeshapoteza wateja wawili kwa sababu hiyo hiyo, nyumba nzuri tu.

Nikajiambia, ni saa moja tu. Nayasogeza, napiga picha, nayarudisha. Mama hatajua, na Lusungu hatalalamika. Ndiyo, niliwaza hivyo, nikatabasamu.

Nikayabeba mawe yote saba mpaka kwenye uzio, nikachomeka kijiti pale katikati ili nisipotee. Kisha nikaingia ndani kupanga na kupiga picha za sebule na vyumba, nikajisahau mpaka alasiri. Simu ikaniambia imejaa. Nikafuta picha za uani, zile za majaribio, maana zilikuwa mbaya. Nilifuta kwa kidole changu hiki hiki ninachoandikia.

Nilipotoka, ua wa nyuma ulikuwa umelimwa wote.

Kibarua alikuwa amesimama na jembe lake, jasho linamtiririka, anatabasamu. "Dada, ukoka umebaki mwingi, nikaona nikusawazishie na huku nyuma. Sasa hata picha itapendeza."

"Kijiti kiko wapi?" nikauliza.

"Kijiti gani, dada? Vijiti si vingi, nimevichoma na takataka."

Jamani! Alikuwa amelima, amesawazisha kwa reki, amepanda ukoka na kumwagilia. Udongo ulikuwa mmoja kutoka jikoni mpaka kwenye uzio. Nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, napima hatua kutoka mlangoni, napima kutoka kwenye ukuta, kila nikipima napata mahali pengine.

Huyu baba simlaumu hata kidogo. Kwetu hakuna mtu anayeinua jembe juu ya kaburi, hata ungempa nini. Ningemwambia neno moja tu asingegusa. Sikumwambia kwa makusudi, kwa sababu niliogopa angekataa kazi na siku yangu iharibike.

Na mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilipiga picha kwanza! Jua lilikuwa zuri, likiangukia ukoka mbichi, nikaona nisilipoteze. Nilipiga picha za ule ua zaidi ya ishirini. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani.

Kibarua alipoondoka nikayarudisha mawe kwa kukisia. Nikayapanga duara, nikarudi nyuma, nikayatazama, nikayasogeza kushoto. Nikayasogeza tena. Mwisho nikayaacha.

Mteja alipatikana upesi kweli. Mama akasema kabla ya mtu kuhamia, tukamchukue mtoto. Tukafuata kibali, tukaenda Iringa na wazee wawili wa kanisa. Njiani nilikuwa na maneno mdomoni. Tulipopita Makambako nikasema nitamwambia tukifika Mafinga. Tulipofika Mafinga Mama akaniomba nimnunulie maji, nikashuka, nikanunua maji, nikarudi, nikamfungulia chupa.

Pale uani Mama alipiga magoti akayapapasa mawe, moja moja. Akapapasa na udongo.

"Mbona ardhi laini hivi?"

"Mvua, Mama."

"Eeh, mvua." Akaridhika. Akainama akasema kwa Kihehe, kwa sauti ya chini kama mtu anayemwamsha mtoto aliyelala, kwamba amekuja, asiogope, wanakwenda kwa baba.

Wazee wakachimba taratibu. Hawakukuta kitu. Mzee mmoja akasema mtoto wa umri ule, baada ya miaka yote hiyo, amekuwa udongo, na udongo wenyewe ndio mtoto. Wakauchota, wakaufunga kwenye kitambaa cheupe ambacho Mama alikishona kwa mkono wakati macho yake hayaoni hata tundu la sindano. Alikuwa amekomaa nacho wiki tatu.

Mama aliupakata udongo ule mpaka Mufindi. Gari likiruka kwenye shimo anaweka kiganja juu, asishtuke. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, bega kwa bega. Nilijua kwamba anachobembeleza ni udongo wa bustani na mizizi ya ukoka, na mtoto wake tumemwacha nyuma, chini ya majani niliyomfunika nayo mimi. Ee Mungu wangu!

Nyumba imeuzwa. Mnunuzi ameshaweka sakafu ya saruji uani kote, aegeshe magari. Aliniletea picha kwenye simu, kunishukuru.

Mama sasa ana amani. Anakula, analala, anasema Lusungu na baba yake wako pamoja. Mwezi uliopita aliwaita ndugu zetu wote akawaambia siku yake ikifika alazwe ubavuni kwa mtoto, upande wa kushoto, alikokuwa akimlaza akimnyonyesha. Mahali pameshatengwa. Wote waliitikia, nami niliitikia.

Bado ni dalali, sijui kazi nyingine. Lakini nikiingia kwenye nyumba ya mtu nikaona jiwe limekaa mahali pasipoeleweka, au mmea peke yake kwenye kona, sigusi kitu. Naita wenyewe, nauliza hiki ni nini. Wananiona nimechanganyikiwa.

Ndugu zangu mnaouza nyumba za wazazi, fagieni, pakeni rangi, pigeni picha. Lakini ulichoambiwa usiguse, usikiguse hata kwa saa moja. Na kama umeshagusa, kamwambie mama yako leo, wakati bado ana nguvu za kukufukuza nyumbani. Ukichelewa yatakukuta ya kwangu: kila asubuhi Mama ananishika kichwa kwa mikono yake miwili na kuniombea baraka, kwa sababu mimi ndiye niliyemrudishia mtoto wake.