Amina Si Kura

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hasira hunipanda upya. Nilikuwa mke mgeni katika boma hili, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeshaanza kunisumbua nikiinama kuchuma chai. Nimekaa na habari hii miaka mingi bila kumsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu. Lakini juzi nimesikia umechaguliwa kuingia kamati ya kijiji. Nimesikia pia kwamba mkutano wenu wa kwanza uliisha kabla hata chai haijachemka, watu wakagawiwa soda na mkate, wakarudi nyumbani wakisema mambo yalikwenda vizuri. Yalikwenda vizuri kwa nani? Kaa hapo, nikusimulie.

Unajua boma letu lilipo. Sisi tuko upande huu wa mto, na shule, zahanati na kituo cha kupimia majani ya chai viko ng'ambo. Siku hizo tulivuka kwa magogo mawili yaliyowekwa na wazee zamani, yakaoza, yakaota ukungu wa kuteleza kama sabuni. Wakati wa kiangazi ulivuka huku umeshika roho mkononi. Mvua ndefu ikianza, hukuvuka kabisa. Watoto walikaa nyumbani, majani ya chai yakaharibika kwenye vikapu, na mgonjwa akabaki na ugonjwa wake. Mimi nilikuwa nimehesabu miezi yangu, na kila nilipohesabu niliangukia katikati ya mvua.

Basi serikali ikatoa mbao, nyaya na saruji za daraja moja la miguu. Daraja moja tu. Vifaa vikashushwa uani mwa shule, na mkutano ukaitishwa ili watu wakubaliane lijengwe wapi. Kwetu sisi hilo halikuwa swali. Tulijua litajengwa pale pale kwenye magogo, maana ndipo njia ya kila mtu ilipopita. Nilikwenda kwenye mkutano nikiwa na furaha, nimevaa leso yangu mpya.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa maneno matamu, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Sitakutajia jina lake, amekwisha kufa na wanawe ni watu wazuri. Kando yake alikaa afisa wa tarafa, kijana aliyetumwa huku kutoka mbali, asiyejua Kikisii hata salamu. Kwa sababu hiyo mkutano ulifanyika kwa Kiswahili, na wazee wengi wakawa wanasikia nusu tu ya mambo. Wanaume walikaa kwenye madawati ya mbele. Sisi wanawake tulikuwa nyuma, karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimekaa na mama mkwe wangu, bibi yako Bosibori, ambaye kwa heshima watu walimwita Mong'ina, yaani mama, mwanamke mfupi, mkavu, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Keumbu na aliyekuwa hapendi kupotezewa muda.

Na usiniulize kwa nini mimi mwenyewe sikusema kitu. Mle ndani mlikuwa na baba mkwe wangu na ndugu zake, na wewe unajua heshima yetu tunayoiita chinsoni. Mke mgeni hakusimama akapaza sauti mbele ya wakwe zake. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri sana.

Wakazungumza kuhusu choo cha shule. Wakazungumza kuhusu mbwa wasiofungwa. Kuhusu mbwa watu walisimama mmoja baada ya mwingine mpaka jua likaanza kuondoka dirishani. Daraja hatulisikii. Halafu, mwisho kabisa, kwenye yale mambo wanayoyaita mengineyo, mwenyekiti akavua miwani akasema kwa upole, "Na kuhusu daraja, kamati imeonelea lijengwe kule chini, karibu na kinu. Sasa jioni imeingia, tusichelewe. Tusimame tufunge kwa maombi. Mzee wa kanisa, tuongoze."

Mwanangu, umeelewa alichofanya? Kinu hicho cha kusaga mahindi kilikuwa cha shemeji yake. Kilikuwa mbali chini ya mto, na kutoka kwetu ungeshuka bonde na kupanda kilima kabla ya kukiona. Mjamzito asingefika. Mtoto wa darasa la kwanza asingefika. Daraja likijengwa pale, watu wa ng'ambo wangekuja kusaga kwa shemeji. Na alilisema hilo kwa pumzi moja na maombi, ili kati ya moja na lingine asipite mtu.

Watu wakasimama. Kofia zikavuliwa. Ukiambiwa tuombe, unafanya nini? Hakuna mtu wa kwetu anayebishana wakati wa maombi, awe Msabato awe Mkatoliki. Nikafumba macho kama wengine. Mzee wa kanisa, mtu mwema, nasema kweli, akaomba kwa sauti yake nzito, akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa afya, na "kwa uamuzi huu wa daraja ambao wewe mwenyewe, Baba, umetupatia." Chumba kizima kikaitikia Amina. Mimi sikuwahi, maana kabla sijafungua mdomo niliusikia mkono wa mama mkwe ukinivuta leso kwa nguvu.

"Keti," akaniambia.

Yeye mwenyewe alikuwa hajasimama hata kidogo.

Mbele kule nikamsikia afisa akiuliza, "Kwa hiyo wananchi wote wamekubali?" Na mwenyekiti akajibu akitabasamu, "Si umesikia Amina, bwana afisa?" Yule kijana akainama kuandika.

Hapo ndipo damu huchemka, hata sasa. Watu walikuwa wamemwitikia Mungu, na mtu mmoja akachukua yale maitikio yao akayafanya kura.

"Yaya!" Ilikuwa sauti ya Bosibori. Hapana! Kila mtu akageuka. "Mimi sijasema Amina. Hii maneno ya daraja hatujaongea."

Mwenyekiti akaanza kumjibu kwa Kikisii, akimbembeleza kama mtoto, kisha akamgeukia afisa ili amtafsirie. Mama akamkatiza. "Usinitafsirie. Bwana ofisa, Kiswahili yangu ni ya kuuza ndizi, lakini leo utaisikia na mdomo yangu."

Afisa alikuwa hajui pa kuangalia. Akasema, "Mama, pole, lakini mkutano umeshafungwa. Maombi yamefanyika."

"Umefungwa na maombi?"

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Basi mimi nafungua ingine." Akasimama, akavua kitambaa cha kichwani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya watu, akakikunja, akafumba macho. "Tuombe!"

Ungewaona! Waliokuwa wameshavaa kofia wakazivua tena. Mwenyekiti alikuwa ameinua mkono ili aseme, akaushusha. Angefanya nini? Mtego ulikuwa wake, na sasa yumo.

"Nyasae Baba," mama akaanza, "asante kwa bwana ofisa, ametoka mbali, umrudishe salama. Asante kwa mbao. Baba, wewe unaona ule mto wetu. Unaona magogo mbili zimeoza. Unaona huyu mtoto wangu hapa nyuma na tumbo yake, na hospitali iko ng'ambo. Baba, sasa hivi hapa wamekuambia asante kwa uamuzi umetupatia. Mimi nakuuliza, ni wewe? Kama ni wewe, nisamehe mtumishi wako. Lakini mimi najua wewe hauna shemeji. Wewe hauna kinu. Wamekuingiza kwa kamati na hakuna mtu alikuuliza."

Mzee mmoja mbele akakohoa ndani ya kofia yake, na mabega yakawa yanamcheza. Mama hakujali. Akamtajia Mungu watoto wanaokaa nyumbani kila mvua, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina. Akamtajia marehemu mume wa jirani yetu, aliyebebwa hadi ukingoni na kurudishwa. Hapo hakuna aliyecheka. Akamalizia, "Sasa Baba, fungua mkutano huu, na ufungue midomo ya watu. Amina." Wanawake wakaitikia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika sokoni. Na mimi safari hii niliitikia, wakwe au si wakwe.

Mwenyekiti akalipuka. "Huu ni utovu wa adabu! Maombi si mahali pa siasa!"

"Wewe ndio umeanza," mama akamwambia, akaketi.

Yule afisa kijana, Mungu amlinde popote alipo, akakata kwa mstari yale aliyokuwa ameandika. Akasema, "Mwenyekiti, keti. Tuzungumze kuhusu daraja."

Tukazungumza. Na nikwambie jambo ambalo watu hulisahau wakisimulia ushujaa. Alisimama mwanamume wa kule chini, mtu maskini tu, hana undugu na mwenye kinu, akasema, "Hata sisi wa chini tunavuka. Mama yangu pia ni mgonjwa. Msituone kama watu wa shemeji." Alisema kweli. Nilimgeukia mama mkwe nikidhani atamrukia. Akatikisa kichwa kukubali. "Huyu ameongea," alisema. "Hiyo ndio nilikuwa nataka." Mikono ikainuliwa, njia yetu ikashinda kwa kuwa watu wake walikuwa wengi, na wa chini wakaahidiwa kuwa wa kwanza vifaa vingine vikija. Yule bwana wa kule chini hakufurahi. Lakini mzee wa kanisa alipofunga kwa mara ya pili, nilimsikia akiitikia.

Kesho yake mzee huyo wa kanisa akaja nyumbani. Mimi ndiye niliyemwandalia uji wa wimbi, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Akamwambia mama, "Mong'ina, umeniaibisha mbele ya watu."

Mama akamtazama sana. "Uliombea nini jana?"

"Uamuzi wa kamati."

"Ulikuwa unaujua?"

Mzee akakoroga uji wake. Akasema mwenyekiti alikuwa amemnong'oneza tu kabla ya mkutano, kwamba mwishoni aombee daraja. Hakuuliza ni daraja la wapi.

"Basi si mimi nimekuaibisha," mama akasema. "Wewe ni mtu mzuri, na yeye amekutumia kama kufuli. Mtu mbaya hangeweza kutufunga vile. Wewe uliweza kwa sababu tunakuamini. Siku ingine ukiambiwa omba, uliza kwanza, naombea nini?"

Aliunywa uji wake wote, akaaga kwa heshima. Tangu siku hiyo nilimwona mara nyingi akisimama mikutanoni na kuuliza watu wamekubaliana nini, ndipo ainamishe kichwa.

Ungependa niishie hapo, sivyo? Hata mimi ningependa. Lakini mwenyekiti alikuwa amekasirika, na mtu mwenye ofisi akikasirika ana njia ya kulipa. Mara fundi hajapatikana, mara ufunguo wa stoo umesahaulika, mara tungoje barua kutoka juu. Mbao zikalala uani mwa shule mpaka mvua ndefu ikaanguka, mto ukajaa, na magogo yale yakaondoka na maji. Uchungu ulinishika wakati huo huo. Mume wangu alikimbia ukingoni akapiga kelele mpaka muuguzi wa zahanati akasikia. Akashuka na mwavuli wake hadi ukingo wa pili na hakuweza kupiga hatua nyingine. Alisimama pale kwenye mvua akipaza sauti kueleza cha kufanya, na mume wangu akawa anakimbia kutoka mtoni hadi nyumbani akileta maneno, nusu yameliwa na kelele za maji. Bosibori ndiye aliyenizalisha. Nilivuja damu mpaka nikaona nyumba inazunguka. Mtoto, ndiye wewe, alipona, nami nikapona, lakini sikuzaa tena.

Sikuzaa tena, mwanangu. Mtu alificha ufunguo wa stoo, na mimi sikuzaa tena.

Kiangazi kilipofika, wanaume walivunja ule mlango wa stoo mchana kweupe na kulijenga daraja wenyewe. Hakuna aliyewashtaki.

Sasa wewe umekaa kwenye kiti cha kamati, na unaniambia ulinyamaza kwa ajili ya amani. Amani ya nani? Kile kiwanja cha zahanati mlichokipitisha katika mkutano wenu, mliulizana nani atakikodisha, au mlitangaziwa tu na kupigiwa makofi? Usiniambie kuhusu heshima. Mimi nimeishi na chinsoni maisha yangu yote na ninaipenda, lakini haikuwekwa ili wezi wapumzike chini yake.

Basi shika haya. Jambo kubwa likiachwa hadi mwisho, watu wamechoka na soda zinaonekana mlangoni, simama useme liahirishwe au lianze upya. Lisemwe kwa lugha ambayo bibi wa nyuma anaielewa, na asitafsiriwe na yule anayefaidika. Usihesabu makofi, wala Amina, wala ukimya wa mtu. Omba mikono iinuliwe na uitazame. Ukishindwa kwa haki, kubali kama yule bwana wa kule chini. Na ukishinda, usiende nyumbani kulala. Fuata mbao, fuata fundi, ujue ufunguo wa stoo uko kwa nani. Sisi tulishangilia tukalala, na unajua nililipa nini.

Nenda sasa. Mungu akupe afya, akupe na mdomo usioogopa suti. Azibariki kazi za mikono yako na nyumba yako. Na ikiwa siku moja utakuwa mwenyekiti, maana naona unapapenda pale mbele, basi akuwekee mama mmoja mkaidi karibu na mlango, akatae kusimama wakati wote wamesimama, na wewe akupe moyo wa kumwambia, "Mama, sema, tunakusikiliza."