Nilimwandika Muosha Maiti Wetu

Kosa ni langu. Sikulewa, sikulazimishwa na mtu. Nilipewa karatasi nikaandika, basi. Jina langu silitaji, kwa sababu watoto wa Mzee Makame wapo na wangu wapo, na bado wanasalimiana.

Ilikuwa Jang'ombe, miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nshamaliza masomo ya usiku, mtu mzima na ndevu zangu. Na mwandiko wangu, bwana we! Nilikuwa nikiwaambia watu kuwa mwalimu aliuona akavua kofia. Nikiwaambia barua zangu zikifika Bara zinatiwa fremu. Wakicheka, nami nazidisha. Posa, talaka, maombi ya kazi, mtaa mzima naandika mimi.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, mwenyekiti wa mtaa akaniita barazani kwake.

"Msomi!"

"Naam."

"Hebu tuandikie watu wa mtaa huu. Siku za siasa nani alikuwa upande wetu, nani upande wa wale."

"Lakini kura ilikuwa siri, Mwenyekiti."

Akacheka mpaka akakohoa. "Siri, Jang'ombe? We mgeni wa wapi?"

Kweli. Kura yenyewe hakuna aliyeiona, lakini siku zile za uchaguzi, kabla ya Mapinduzi, watu walisusiana. Wa chama hiki hanunui hata kibiriti duka la wa chama kile. Wake waliachwa kwa siasa. Na kubwa kuliko yote, watu hawakuzikana! Ukitaka kujua mtu kampigia nani kura, humuulizi. Unakumbuka tu alibeba jeneza la nani.

Basi hiyo ndiyo njia niliyoitumia, nyumba baada ya nyumba. Na niseme kweli, nilifurahi. Nilijiona waziri mzima.

Nikafika kwa Mzee Makame. Huyu ni Mtumbatu, mpole, maneno machache, na ndiye aliyekuwa muosha maiti wetu. Miaka yote ya kususiana, yeye peke yake aliingia kila nyumba yenye msiba, ya huku na ya kule, na ndoo yake na karafuu maiti yake. Mtaa mzima unajua. Mimi najua!

Nikaona hapa nitie mzaha, mwenyekiti acheke. Nikaandika: "Makame. Hakukosa msiba wa wale hata mmoja. Hulia kuliko wafiwa."

Sikuandika kuwa ni muosha. Nani asiyejua? Niliona napoteza wino.

Mwenyekiti alicheka kweli, akajipiga paja. Lakini karatasi haikubaki kwake. Ilikwenda juu, kwa watu wasioijua Jang'ombe wala Makame. Hao hawakucheka.

Walimchukua asubuhi, uji wake haujapoa. Kabla ya adhuhuri mkewe, Bi Mwanajuma, yuko mlangoni kwangu, kanga kaivaa upande.

"Mwanangu, wewe ndiye unayejua kuandika. Waandikie. Waambie mzee ni muosha tu, hana siasa."

Loo! Ningeandikaje? Wangeuona mwandiko ule ule.

Nikamwambia, "Bi Mwanajuma, wino umeniishia."

Kalamu ilikuwa mfukoni, imejaa. Akasema, "Haya, mwanangu," akaondoka. Maskini, hata hakunilaumu.

Mzee Makame alirudi baada ya miezi saba, kwa mkongojo. Hakusimulia kitu. Ila kuosha aliacha. Mtu akifa, tunapeleka baiskeli mpaka Chukwani kumtafuta muosha wa kule. Mimi mizaha ikanikauka. Watu wakiniomba hadithi, nasema kichwa kinauma.

Halafu baba yangu akafa. Muosha wa Chukwani naye kitandani, hanyanyuki. Nikaenda kwa Mzee Makame.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Baba kafariki."

"Inna lillahi." Kisha akauliza, taratibu kabisa: "Baba yako alikuwa upande gani?"

"Mzee..."

"Nauliza nijue. Nisije nikaandikwa tena."

Akaendelea: "Mimi sijui kusoma. Lakini walinionesha ile karatasi. Barua ya posa ya binti yangu uliiandika wewe, ninayo sandukuni mpaka leo. Herufi zako nazijua kwa sura."

Nikarudia "mzee" tu. Mimi, mwenye maneno ya kujaza soko la Darajani!

Akaingia ndani, akatoka na ndoo.

Alimuosha baba yangu vizuri kuliko nilivyostahili. Akisema "mimina," namimina. Akisema "geuza," nageuza. Akamvisha sanda, akanawa mikono, akachukua mkongojo wake.

"Nimemaliza," alisema. "Kaburini siendi."

Hakuosha mtu tena baada ya hapo. Yeye mwenyewe alipokufa, tulimwosha sisi tusiojua, mmoja akisahau hiki, mwengine akikumbuka kile. Sikulia siku ile, na sijalia mpaka leo. Kama kuna kitu kimekufa ganzi humu ndani.

Nyie mnaojua kuandika, nawaombeni. Mkiambiwa muandike jirani yuko upande gani, kataeni. Kama hamuwezi kukataa, basi andikeni kwanza mtu anafanya kazi gani. Mimi yangenitosha maneno mawili tu: muosha maiti. Na wino nilikuwa nao.