Doha hakuna theluji, lakini Japheth alitafuta matairi yake

Jua la asubuhi limeshapanda juu ya mabati ya karakana za Industrial Area, Doha, na Japheth Oloo, fundi wa matairi, amechuchumaa kivulini akibonyeza tairi jipya kwa ukucha wa kidole gumba. Anabonyeza, anaachilia, anatazama alama inavyofutika. Kisha anahamia tairi linalofuata na kufanya vivyo hivyo.

Matairi ni manne. Ubavuni mwa kila moja kuna mchoro mdogo wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima huo kitu kama ua lenye ncha sita.

"Hako kaua ndiko kataniokoa?" anauliza Gerishon, dereva wa nyumbani kutoka Kenya kama yeye, ambaye ameegemea pikapu nyeupe ya mwajiri wake.

"Kaua peke yake hakaokoi mtu," Japheth anajibu bila kuinua kichwa. "Mguu wako ukiwa mzito kwa breki, hata ufungiwe tairi na malaika, utateleza."

"Mguu wangu una shida gani?"

"Uliza ile bampa ya mbele."

Wanacheka wote wawili, ingawa Gerishon anaacha kucheka mapema kuliko mwenzake. Wiki hii ataiendesha pikapu hiyo ikiwa na mahema, kuni na jenereta hadi milima iliyo upande wa Tabuk, kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia, ambako miaka mingine huanguka theluji. Familia ya mwajiri wake itatangulia kwa gari jingine, linalosukuma na magurudumu yote manne. Yeye atafuata, peke yake.

Gerishon hajawahi kukanyaga theluji. Japheth pia hajawahi. Hata hivyo ni Japheth aliyepewa kazi ya kuchagua mpira utakaomshikilia mwenzake barabarani huko juu, na hilo limemkosesha raha tangu Januari hii ya 2017 ilipoanza.

Mambo yalianza kwa kosa la neno moja.

Mwajiri wa Gerishon, mzee anayeitwa Bu Jasim, alimwambia aipeleke pikapu ikafungwe matairi ya "thalj". Mjini Doha neno hilo dereva hulisikia kila siku. Ni barafu ya kwenye glasi, barafu ya dukani ya kuuzwa kwa mifuko, barafu ya kupozea samaki sokoni.

"Mimi nilijua mzee ameingia biashara ya barafu," anasema Gerishon. "Nikaanza hata kuwaza, sasa nitakuwa naamka kupeleka barafu kwa wavuvi."

Basi akafika karakana na kumwambia Japheth kwamba pikapu itabeba barafu. Japheth akafanya kazi yake kwa moyo. Akafunga matairi ya mizigo mizito, yenye ubavu mgumu, na kwa hisani akamshauri Gerishon atandike mpira nyuma ili maji ya barafu yasilete kutu.

Bu Jasim alipokuja kuona, aliyagonga matairi kwa fimbo, akauliza mbona magumu hivyo. Japheth akamjibu kwa Kiarabu chake cha karakana, huku akionyesha kwa mikono magogo ya barafu yakipangwa moja juu ya jingine.

Mzee akatoa simu na kumwonyesha video ya magari yakishuka kiubavu kwenye mteremko mweupe, polepole, kama sabuni inayoponyoka mkononi. Madereva walikuwa ndani, usukani mikononi, na hakuna walichoweza kufanya.

"Thalj," mzee akarudia, akainua mkono juu na kuushusha taratibu huku vidole vikichezacheza.

"Hapo nikaelewa," anasema Japheth. "Kwao barafu na ile inayoanguka kutoka juu ni neno moja. Na sisi pia tuseme ukweli, theluji ni neno la darasani. Nani kwetu anasema theluji? Tunasema barafu tu, basi."

Japheth, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, alizaliwa Ahero, nyanda za mpunga magharibi mwa Kenya. Alijifunza kuziba pancha kwenye kibanda cha mjomba wake, matrekta na baiskeli, chochote kilichofika. Alikuja Doha mwaka 2011 kama mlinzi wa lango la jengo huko Al Sadd. Kazi ya kusimama ilimchosha. Mkataba wake ulipoisha alipata mwajiri mwingine, akarudi kwenye matairi.

Hulipwa riyali 1,400 kwa mwezi, na chumba chake wanalala sita. Akiulizwa kama kazi ni ngumu, hujibu kwanza kuhusu kiangazi, wakati rimu huwa ya moto kiasi cha kuunguza kiganja kupitia glavu. Baada ya hapo hurudi kwenye anachokipenda.

"Tairi inakwambia mtu anavyoendesha," anasema. "Inakwambia kama ana haraka, kama anabeba kupita kiasi, kama anapanda kingo za barabara. Lakini hii ya theluji ilininyamazia. Sikuwa nimeona hata moja iliyotoka huko ikiwa imechoka, nisome."

Msimamizi wa karakana, Biju kutoka Kerala, India, hakuona tatizo. Alileta matairi waliyokuwa nayo stoo na kuonyesha herufi mbili za Kiingereza ubavuni, M na S. Moja ya matope, nyingine ya theluji. Imeandikwa. Khalas, yamekwisha, funga, gari liende.

Japheth alizifahamu herufi hizo. Kwa miaka alikuwa akifunga matairi hayo hayo kwa vijana wanaokwenda kuchezea magari kwenye vilima vya mchanga vya kusini. Swali likamwingia na halikutoka: je, theluji ni kama mchanga?

Ijumaa iliyofuata, siku ya mapumziko Doha, baada ya ibada huko Mesaimeer, alilipeleka swali kwa wenzake waliosimama nje ya kanisa. Kila mtu alikuwa na jibu.

"Ni kama unga," alisema mmoja.

"Unga gani? Ni kama povu la sabuni."

"Wewe umeiona wapi? Kwenye kadi ya Krismasi!"

Aliyewanyamazisha ni Nasimiyu, mwanamke wa Bungoma anayekodisha viatu vya kutelezea kwenye uwanja wa barafu ndani ya jengo moja la maduka. Kuna mashine, aliwaambia, ambayo hukwangua sakafu ya uwanja ili iwe laini, na yale makwangu humwagwa nyuma yawe maji. Ni meupe, ni baridi, na ukiyafinyanga yanashikana.

"Si theluji ya Mungu," alisema, "lakini ni binamu yake. Njoo asubuhi kabla watu hawajajaa. Na usivae ndala, utaniaibisha."

Japheth alikwenda na vipande viwili vya mpira mfukoni. Kimoja alikikata kwenye tairi chakavu la herufi mbili. Kingine kilitoka kwenye tairi lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana, ambalo wanandoa kutoka Kanada waliliacha walipogundua kwamba matairi waliyokuja nayo yanalika kama sabuni kwenye lami ya Doha. Lile lilikuwa na mchoro wa mlima na ua. Hakujua maana yake. Alijua tu kwamba limetoka kwenye baridi.

Nasimiyu alivizika vipande vyote viwili ndani ya lundo lile jeupe, akarudi kwa wateja wake. Japheth akasubiri, akiyashika makwangu, akiyaminya, akiyaachia yayeyuke kiganjani.

"Wewe ni mtu mzima, mbona unacheza?" Nasimiyu alimuuliza aliporudi.

"Dada, sichezi. Hii inashikana. Mchanga haushikani."

Walivitoa vipande na Japheth akavibonyeza kwa ukucha. Kile cha herufi mbili kilikuwa kigumu kama kisigino cha kiatu. Ukucha haukuingia. Kile cha mlima na ua kilibonyea, kikarudi, kana kwamba hakikujua kuna baridi.

"Nilikirudia mara kadhaa," anasema. "Nikampa Nasimiyu naye abonyeze, isiwe ni mimi ninajidanganya. Akasema, 'Hii moja imekufa, hii nyingine iko hai.' Nikajua sasa. Si meno tu. Ni mpira wenyewe."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Matairi kama yale hayakuwepo karakana. Biju alipiga simu Dubai, akaambiwa yapo lakini yatachukua siku kadhaa kufika. Na Bu Jasim alikuwa na haraka. Habari zilisema theluji imeshaanguka, na theluji ya huko haikai. Mama yake mzee, ambaye hajawahi kuiona maishani, alikuwa ameshafunga mizigo.

Biju alitaka kufunga yaliyokuwepo. Si mtu mbaya, Japheth anasisitiza. Mteja akiondoka bila kuhudumiwa, yeye ndiye hujibu kwa mwenye karakana. Zaidi ya hayo, herufi zilikuwepo, na Bu Jasim mwenyewe alikuwa ameziona na kuridhika.

Gerishon alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi. Uamuzi ulikuwa unafanywa kuhusu maisha yake na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Nilimtazama nikaona haya," Japheth anasema. "Huyu tunakula naye. Nikimfungia hii, na ninajua ninachojua, nitakuwa nangoja simu gani?"

Akamwambia Bu Jasim, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, kwamba matairi hayo ni ya mchanga, na baridi itayaua. Biju akamkazia macho. Mzee akauliza swali moja tu: kama huyu dereva angekuwa ndugu yako, ungemfungia haya?

"La," Japheth akajibu.

Bu Jasim akapiga simu nyumbani. Aliongea na mama yake kwa muda, sauti yake ikishuka na kuwa ya mtoto anayeomba ruhusa. Kisha akasema watasubiri.

Leo matairi yamefika, na Japheth hayafungi kwenye pikapu. Anayapanga nyuma, chini ya turubai. Safari ya jangwani ni ndefu, na lami yenye joto itayala bure. Gerishon atasafiri kwa matairi ya kawaida, na atabadilisha mwenyewe mjini Tabuk kabla ya kuanza kupanda. Kwa hiyo asubuhi nzima ni ya mazoezi: jeki, spana, nati, shusha, pandisha.

"Nitafunga haya mawili ya nyuma tu, niokoe muda," Gerishon anasema akijifuta jasho. "Si gari inasukuma na nyuma?"

"Inasukuma na nyuma. Unakata kona na nini?"

Gerishon anatazama magurudumu ya mbele.

"Zote nne, buda. Ukifunga mbili, nyuma itakuwa inakwenda mlimani na mbele inakwenda mbinguni."

"Na nikikwama si natoa upepo kidogo, kama kwa mchanga?"

"Usiguse upepo! Baridi yenyewe itaupunguza. Pima kabla hujapanda. Na mahali ukiona panang'aa kama kioo, simama, hata mzee akikupigia honi."

"Nimwambie mzee hapana?"

"Mwambie fundi amekataa. Nitupie mimi lawama."

Wiki ya pili baada ya hapo, pikapu inaingia tena karakana, matope makavu hadi madirishani. Japheth anaacha tairi alilokuwa nalo libingirike lenyewe hadi ukutani. Hamsalimu Gerishon. Anainama kwanza, anapitisha kiganja kwenye meno ya tairi la mbele, la nyuma, anazunguka upande wa pili. Ndipo anamkumbatia, akimchafua shati.

Gerishon anasimulia akiwa ameketi juu ya ndoo. Alibadilisha matairi yote manne Tabuk, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Alipanda polepole huku akiona magari mengine yamegeuka kiubavu kando ya barabara na watu wakiyasukuma. Pikapu ilishika. "Nilikuwa nasikia ikitafuna," anasema. "Kru, kru, kru, kama mtu anakula karoti."

Karibu na kilele, kwenye kona yenye kivuli, barabara ikang'aa. Gerishon akasimama. Bu Jasim, aliyekuwa mbele, alikuwa naye amesimama kabla ya kona hiyo, akamwashiria apite atangulie, kwa kuwa pikapu ndiyo iliyokuwa na matairi ya theluji.

"Nikateremka nikamwambia, 'Baba, hapa basi. Fundi amekataa.' Nilijua leo nimefukuzwa. Akatazama ile barabara, akanitazama mimi. Akaenda kumfungulia mama yake mlango. Mama akashuka hapo hapo, akashikwa mkono, akatembea pembeni hadi kwenye theluji. Akaiokota, akailamba."

"Akasema ilikuwa na ladha gani?" Japheth anauliza haraka.

"Alisema ni maji."

Japheth anacheka hadi anashika tumbo. Halafu anatulia na kuuliza tena, kwa sauti ya chini, ile kona ilikuwa kali kiasi gani. Gerishon anaonyesha kwa mkono. Wote wawili wanautazama ule mkono.

Habari za safari hiyo zimeenea kwa jamaa za Bu Jasim, na Biju amekubali kuagiza seti chache mapema kabla ya baridi ijayo. Japheth ana mpango wake mwingine. Anataka, siku zake za mapumziko, awafundishe madereva wa nyumbani, Wakenya, Waganda na wengine, kubadilisha na kusoma matairi wanayopewa. Ameshaomba kona moja ya karakana kwa ajili hiyo, na hajakataliwa.

"Tairi hununuliwa na mtu mmoja, ikaendeshwa na mwingine," anasema. "Huyo wa pili huwa yuko nje kwenye jua, anangoja funguo. Natamani awe ndani wakati wa kuchagua."

Simu ya karakana inalia. Ni binamu wa Bu Jasim, anauliza kuhusu matairi ya thalj kwa pikapu yake. Japheth anasikiliza, anaitikia, anatafuta maneno ya Kiarabu moja moja.

"Tutakuchagulia, baba," anasema hatimaye. "Lakini usije peke yako. Njoo na dereva."