Sista aliyeniruhusu kutoka wodini, na mama aliyegoma kuondoka

Wakuu, heshima kwenu.

Hili nimekaa nalo miaka mingi. Nilikuwa mdogo, kwa hiyo mengine nayakumbuka kama ndoto, mengine kanisimulia mama. Chumvi sijaongeza.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Dodoma. Kwetu Majengo mitumba ilitapakaa mpaka barabarani, redio kaseti zinashindana. Mimi sijaanza hata darasa la kwanza.

Nikafanyiwa operation ya ngiri. Kitu cha kawaida, watoto kibao wanafanyiwa.

Ile nusu kaputi, dawa ya usingizi, sitaisahau. Dari ilipanda, ikapanda, halafu nikawa juu ya mashamba ya zabibu, napita taratibu kama unyoya. Chini kijani tupu. Hakuna anayeniita.

Nilipoamka, mama alikuwa ameshika kidole gumba cha mguu wangu. Hakukiachia mpaka asubuhi.

Sasa, wengi tulizoea kwamba daktari ndiye anaruhusu. Lakini wodi ile ya watoto, kwa operation ndogo, daktari aliwaachia wauguzi. Mtoto akila bila kutapika, akikojoa, akitembea, kidonda kikiwa kikavu, sista anaruhusu mwenyewe.

Sista wetu alikuwa mama wa makamo, Msandawe wa kule Kondoa. Akanikagua, akatabasamu.

"Mama, huyu yuko tayari. Mwende nyumbani."

Mama akakaa sakafuni.

"Sista, mimi siondoki. Idi nilimpeleka nyumbani hivi hivi."

Wakuu, sikuwa namjua Idi. Kumbe nilikuwa na kaka. Alilazwa kwa homa kabla sijazaliwa, akaruhusiwa, akafia nyumbani. Kwetu jina lake halikutajwa kabisa.

Sista hakubishana. Alikaa naye pale pale chini, na gauni lake jeupe. Kisha akauchukua mkono wa mama, akauweka tumboni kwangu.

"Shika. Laini hivi ndivyo inavyotakiwa. Tumbo likiwa gumu, akitapika, akichemka, au kidonda kikivimba, mlete saa yoyote, usimsubiri mtu. Na mimi leo nikitoka zamu napita kwako."

"Utapita kweli?"

"Nitapita, mdogo wangu."

Tukaenda.

Na alipita. Jua la alasiri lilikuwa limejaa chumbani, vumbi linaelea kama dhahabu. Akanikagua, akamwambia mama apumzike. Mama akasema anajinyoosha tu. Dakika hiyo hiyo akapitiwa.

Sista akavuta stuli, akaimba chini chini kwa lugha ya kwao, ile ya kugongesha ulimi. Sikuelewa hata neno. Nilitamani wimbo usiishe.

Mama alizinduka giza limeshaingia.

"Nani alikuwa anamwangalia mtoto?"

"Mimi," sista akasema. "Yuko salama."

Mama akalia, kwa utulivu tu. Halafu akaanza kumweleza habari za Idi: alivyopenda ubuyu, alivyocheka akikimbizwa. Baba akaingia, akamkuta anaongea, akasimama mlangoni akasikiliza. Kisha naye akasema, "Alikuwa anatembea kama babu yake."

Tangu siku hiyo kaka yangu anatajwa nyumbani.

Nilichojifunza: kumruhusu mgonjwa si kumfungulia mlango tu. Anayempokea naye lazima aondoke na moyo uliotulia.

Kama kuna aliyewahi kupata muuguzi wa namna hii, au wewe mwenyewe ni muuguzi, kiti hiki hapa, kaa utusimulie.