Wimbo ni Wangu, Kodi Iko kwa Jina la Babu

Mwenye ukurasa, funika jina langu kabisa, maana shida yote iko kwa hilo jina. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, wa huku Masii. Shule niliachia darasa la saba, lakini kwa kutunga nyimbo hakuna wa kuniambia kitu. Ule wimbo wa mke wa mtu na bia, unaopigwa kila baa siku ya soko? Mimi huyo. Anayeimba ni mwingine, maneno ni yangu. Chezeni tu, mnanilisha.

Sasa, nilipoutunga nilikuwa na miaka kumi na sita, na chama cha wanamuziki kilitaka mtunzi mwenye kitambulisho. Sisi Wakamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu. Mimi nilipewa lote, hata nyanya hunitania eti mume wake. Basi nikatoa kitambulisho cha babu kwa koti lake la kanisa, nikawaambia mzee ndiye mtunzi, mimi natumwa tu. Nikajiona mjanja kuliko Machakos nzima. Mrabaha wa wimbo kuchezwa redioni ukawa unatoka kwa jina lake, nakula mimi.

Mwaka huu watu wa kodi wanataka ritani, ile fomu ya kutangaza hayo mapato, kabla Juni iishe. Nikaenda ofisi yao mjini na maringo yangu, nikidhani ni kujaza na kuondoka. Mama wa dirishani akasoma mwaka wa kuzaliwa wa mtunzi, kisha akaniangalia.

"Kijana, kama nyimbo ni za mzee, aje mwenyewe aweke sahihi. Kama ni zako, umekuwa ukila kwa jina la mtu."

Nilichukua fomu, nikaaga kwa adabu ambayo hata sina.

Na babu ni mzee wa kanisa. Huo wimbo ameukemea mbele ya waumini, akaomba aliyeutunga aaibishwe. Mimi nilikuwa kwa kwaya, nikaitikia amina.

Jana nikamwambia kuna karatasi ya serikali inataka sahihi yake. Hakuuliza hata ni ya nini.

"Ilete," akasema. "Wewe ni mimi. Mtu atajidanganyaje mwenyewe?"

Nikasema nimeisahau mjini. Iko hapa chini ya godoro.

Akisaini, ameapa kwa serikali kwamba yale matusi ni yake. Nikisema ukweli, nampoteza, na pengine nifungwe. Wajuaji mko wengi hapa na huwa nawacheka. Leo sicheki. Mngekuwa mimi, mngempa kalamu?