Siku Niliyowaita Watu Wakaja na Vikapu

Mkisikia watu wazima wakiniita "Bwana Sukari" sokoni msidhani ni jina la sifa, hapana, ni aibu yangu ile, imekataa kuzeeka pamoja na mimi, na kwa kuwa leo mmenibana mpaka niseme, basi nitasema, ila mkicheka chekeni taratibu, maana baadhi yenu mama zenu walikuwepo siku hiyo na vyombo vyao mikononi.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, ile miaka yake ya mwisho mwisho, kahawa imeteremka bei na kila kitu cha dukani kimepanda, sukari, mafuta ya taa, khanga, mpaka sindano, watu mlimani wanakunywa chai ya rangi bila chochote na kuiita dawa. Mimi kazi yangu ilikuwa dalali wa mnadani hapa Moshi mjini. Baba yangu Mmanyema, mama yangu Mpare, na Kichagga nilikiokota sokoni, Kichagga cha kuuzia, si cha kuposea. Lakini sauti nilikuwa nayo! Nikinadi mbuzi upande huu wa mji, watu wa upande ule wanaanza kupapasa mifuko.

Sasa ukaja uchaguzi wa baraza, kiti kimoja cha upande wetu wa mlima, wagombea wawili. Kulikuwa na Bwana Kornelio, mkulima, mtu wa maneno machache, na kulikuwa na Bwana Anselmi, aliyekuwa karani wa kahawa zamani, mpole, mwenye suti moja nzuri sana, na ndiye aliyekuwa wetu. Mipango yote ya Bwana Anselmi ilikuwa kichwani mwa Mwalimu Gaspari, mwalimu mstaafu, mwembamba, asiyekaa kitini hata akikaribishwa. Ndiye aliyenifuata mnadani akaniambia anataka sauti yangu.

"Sikiliza, Athumani," akasema, huku anatembea huku na huku mbele yangu hadi mbuzi wangu wakachanganyikiwa. "Wenzetu wanahubiri mambo ya utawala wa mangi na mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo. Waache wahubiri. Sisi tuseme sukari. Mwenye kura ni baba, sawa, lakini baba anakunywa chai ya nani?"

Nikaona huyu mzee ana akili. Akaniandikia tangazo la kupiga kwenye masoko ya mlimani: kwamba Jumamosi asubuhi, katika uwanja wa mpira wa shule, Bwana Anselmi atawaeleza wananchi namna atakavyosimama barazani kutetea bei ya sukari, mafuta ya taa na nguo irudi kama zamani. Nikachukua baiskeli na faneli yangu kubwa ya bati ya kupazia sauti, nikapanda mlima.

Hapo ndipo shetani alipopata nafasi. Soko la kwanza nikafika radi zinanguruma, wanawake wanaanza kufunga ndizi zao waondoke, nami natazama lile tangazo naona hili si tangazo, ni mahubiri ya Pasaka, mpaka nifike kwenye "barazani" soko zima litakuwa limekwisha kwao. Dalali hasemi "mbuzi huyu, ambaye kwa kadiri ya maelezo ya mwenyewe," dalali anasema "mbuzi!" Basi nikaweka faneli mdomoni nikapiga:

"Jumamosi! Uwanja wa shule! Sukari! Bei ya zamani! Bwana Anselmi!"

Soko lote likageuka. Mikono ikasimama kwenye mikungu. Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Tuje na vyombo?" nami (nawaapia, nilidhani ananitania, mnadani tunataniana hivyo siku nzima) nikajibu, "Vyombo, watoto, majirani, njooni navyo vyote!"

Wakacheka, wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni, Athumani, wewe ni hatari. Masoko yaliyofuata nikapiga vilevile, neno kwa neno, kwa sababu mtu haachi chambo kinachokamata.

Ijumaa, natoka msikitini, fundi viatu jirani yangu akanishika mkono akaninong'oneza, "Ndugu yangu, kesho uniwekee japo ratili mbili." Nikamuuliza za nini. "Za sukari, za nini tena? Si mnaigawa?" Nikaenda mbio kwa Mwalimu Gaspari nimweleze, nikamkuta anazunguka uani kwake, uso unang'aa, hata sijamaliza shikamoo ananiambia, "Athumani! Mlima mzima unazungumzia mkutano wetu! Mpaka Kahe kule bondeni! Umewafanya nini?" Nami nikasema, "Nimewaita tu, Mwalimu." Maneno mengine yakashuka yenyewe kooni, kama mate.

Jumamosi nikafika uwanjani mapema, nikawaona wanashuka. Jamani! Walikuwa wanatoka kila mgongo wa mlima, kwenye kila njia kati ya migomba, na hakuna aliyekuja mikono mitupu, huyu kikapu, huyu kibuyu, huyu debe, mzee mmoja ana gunia kalikunja vizuri kwapani kama Biblia. Mbele kabisa akakaa Mama Fulgensia, mfanyabiashara wa Tarakea, mwanamke wa mabega mapana anayevusha bidhaa mpakani tangu ujana wake, naye alikuja na pishi yake mwenyewe ya kupimia, kwa kuwa hamwamini mtu.

Mwalimu Gaspari akanijia. "Mbona wamebeba vikapu?"

"Wanatoka sokoni, Mwalimu."

"Leo si siku ya soko."

"Basi wanaenda."

Akanitazama. Bahati yangu (bahati gani!) motokaa ya kukodi ikaingia na Bwana Anselmi, akashuka, akaona ule umati, akavua kofia. Machozi yakamlenga. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Mimi nilikuwa situlii, natoka jukwaani naenda kwenye lango, narudi, nahesabu mawingu, nafikiri mvua kubwa ikinyesha watatawanyika. Mvua ikanyesha manyunyu tu, ya kutosha kulowanisha udongo.

Bwana Anselmi akapanda. "Ndugu zangu, najua kilichowaleta. Ni sukari!"

Umati mzima ukasimama. Vikapu vikapanda juu, vibuyu, madebe, kelele mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la shule. Bwana Anselmi akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa baraka.

"Sukari hiyo iko wapi?" akauliza, kwa ule mtindo wa wahutubiaji.

"Iko wapi!" wakajibu wote.

"Iko mikononi mwenu!"

Wakatazama mikono yao. Ndipo Mama Fulgensia akanyanyuka, akapanda ngazi za jukwaa, akaiweka pishi mezani, tii. "Bwana, hongera kwa maneno mazuri. Mimi natoka mbali, nianze mimi."

Bwana Anselmi akaitazama pishi, akamtazama Mwalimu, Mwalimu akanitazama mimi, na nyuma yao mlima mzima ukanitazama. Hapo ningeweza kusema, jamani samahanini, nilikata tangazo. Maneno manne tu. Badala yake mkono wangu ukachukua faneli na mdomo wa dalali ukafunguka wenyewe:

"Ndugu zangu, subira! Lori la sukari limekwama topeni! Kule chini, kwenye kona ya daraja!"

(Kona ile kila masika inakwamisha malori, ndiyo maana ulimi wangu uliichagua.) Nilidhani wataguna, watangoja, watachoka, watakwenda kwao. Nilisahau kwamba watu wa mlimani hawaachi gari likae topeni. Mzee wa gunia akapiga kelele, "Wanaume, kamba! Leteni majembe!" Na kabla sijateremsha faneli uwanja ulikuwa unamwagika barabarani, wanaimba, na mimi nimewekwa mbele niwaonyeshe. Nyuma yangu nikamsikia Bwana Anselmi, amebaki na kiti chake na meza yake, anamwuliza Mwalimu kwa upole, "Tuna lori?"

Tukateremka. Mama Fulgensia yuko ubavuni pangu hanipi nafasi.

"Magunia mangapi?"

"Mengi."

"Mengi ndiyo mangapi?"

"Mama, utaona mwenyewe."

Upande wa pili kulikuwa na bibi mmoja mfupi, anajikongoja na fimbo, mkononi ana kikopo kidogo cha bati. "Mwanangu," akaniambia, "usinisahau mimi. Nataka ya kutia kwenye uji wa mgonjwa tu." Nikamwambia ndiyo, bibi. Nilikuwa nimeshapanga: tukifika tukute kona tupu, nitashika kichwa, niseme lori limejinasua likarudi mjini.

Tukakunja kona, na lori lilikuwepo.

Nawaambieni kweli, kwa dakika ile nami niliamini kuna sukari. Lori zima, magurudumu ya nyuma yamezama, limefunikwa turubai juu. Wanaume wakalivamia kwa shangwe, kamba mbele, mabega nyuma, harambee, likaguruma, likarusha tope hadi kwenye nyuso zetu, likatoka. Vigelegele! Mama Fulgensia akakanyaga gurudumu, akapanda, akavuta turubai.

Ndani kulikuwa na viti, pipa la mbege, ile pombe ya ndizi, na wapambe kadhaa wamejikunyata wakidhani tumekuja kuwapiga. Na mbele, kando ya dereva, akashuka Bwana Kornelio mwenyewe. Alikuwa njiani kwenda kwenye mkutano wake wa upande wa pili.

"Mungu awabariki," akasema. "Sijui niseme nini."

"Sukari iko wapi?" akauliza Mama Fulgensia kutoka juu.

"Sukari gani, mama?"

Watu wakamweleza, wote kwa pamoja, wakininyooshea vidole. Bwana Kornelio akanisikiliza nikigugumiza, wala hakucheka, na bora angecheka. Kisha akapanda ngazi ya lori, akasema bila faneli:

"Mimi sukari sina. Mkinichagua nitapiga kelele barazani ishuke, lakini kelele haikorogwi kwenye chai, sitaki mje kunidai. Nilicho nacho leo ni mbege ya wapambe wangu. Nyie ndio mlionitoa topeni. Leteni vyombo."

Basi vile vyombo nilivyoviita mimi, kwa mdomo wangu, vikajipanga. Mama Fulgensia akanitia kata ya kuchotea mkononi. "Wewe ndiye uliyetuita, utatupimia." Nikasema mama, mimi Mwislamu, pombe siigusi. "Hujaambiwa unywe. Umeambiwa upime."

Na mimi nimesimama juu ya lori la Bwana Kornelio, kofia yangu ina tope, nawapimia watu wa Bwana Anselmi mbege ya Bwana Kornelio, na watu wameshaanza kumwimba Kornelio, ndipo motokaa ya kukodi ikakunja kona. Walikuwa wamekuja kuliona lori lao. Mwalimu Gaspari akateremsha kioo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ametulia kabisa.

"Athumani," akasema. "Hii ndiyo sukari?"

Kata ilinitoka ikadumbukia ndani ya pipa. Watu walicheka kicheko ambacho nikikaa peke yangu bado nakisikia.

Kura zikapigwa, na hata sina haja ya kuwaambia nani alishinda. Nilikwenda kwa Bwana Anselmi kuomba radhi, nikamkuta anapalilia migomba yake, hakunifukuza, alinikaribisha mtori wa ndizi. Alisema neno moja tu: "Walipoinua vikapu vile, nilifikiri wananipenda."

Lakini linaloniwasha zaidi si hilo. Siku ile ile, mbege ikiendelea, nilimwona yule bibi anaanza kupanda mlima peke yake, kikopo kimeelekea chini, maana mgonjwa hapelekewi pombe. Nikaruka kutoka kwenye lori nikamkimbilia.

"Bibi, nisamehe. Nimekutembeza bure."

Akasimama apumue. "Mwanangu, ungesema ni mkutano tu ningekuja vilevile. Nilikuwa na langu la kuwaambia hao mabwana, habari ya bei hizi."

"Lipi hilo, bibi?"

Akanitazama kutoka kwenye kofia hadi kwenye viatu vilivyojaa tope.

"Sasa ndiyo unauliza," akasema, akaendelea na njia yake.

Ndiyo maana wakija na chaguzi zao, wa chama hiki na wa chama kile, na mahesabu yao ya kumshika mpiga kura kwa sufuria, nawaambia mimi nauza mbuzi. Sauti bado ninayo, ila kumwita mtu mkutanoni kabla sijamwuliza yeye ana lipi la kusema, hilo sifanyi tena mpaka naingia kaburini.